Wasomaji Wenzangu, Nipisheni

Kuna msemo ambao hapa Dar es Salaam unarudiwa na watu wa kila rika, hasa wale ambao kitabu walichokishika mara ya mwisho walikishika ili kumuulia mende: eti ukitaka kumficha Mswahili kitu, kiweke kwenye maandishi. Utausikia kwenye makongamano, redioni na kwenye vijiwe vya kahawa, na anayeusema hutikisa kichwa kwa masikitiko yasiyomhusu. Mimi msemo huo haujawahi kuninyima usingizi. Asiyesoma hajanikosea kitu. Hajaazima kitabu changu akahamia nacho Kibaha, hajaniharibia mwisho wa hadithi, hajanikunjia kona ya ukurasa. Akiingia kwangu na kuiona rafu, huuliza swali moja tu, "Vyote hivi umevisoma?", halafu huomba maji ya kunywa. Ni mgeni mstaarabu kuliko wote.

Wanaonitesa ni wanaosoma.

Tuko kundi la watu tunaokutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye baraza la mwenzetu pale Sinza, kuelezana tumesoma nini na tumependa nini. Kwa nje ni jambo la heri. Kuna chai ya tangawizi, kuna kachori, kuna vitumbua ambavyo mafuta yake yameshaacha alama za kudumu kwenye vitabu vya watu, na kwa "watu" nina maana ya mimi, kwa kuwa wenzangu huja mikono mitupu.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, aliyefundisha Kiswahili sekondari mpaka chaki ikamwingia kifuani. Siku moja nilipeleka Kusadikika ya Shaaban Robert. Nilitaka kusema jambo dogo tu, kwamba kimenichekesha. Nchi nzima inaelea hewani. Baraza limekaa kumhukumu kijana Karama, ambaye kosa lake ni kutaka watu wajifunze sheria, na anayemshitaki ni waziri aitwaye Majivuno, yaani wazazi walishajua tangu siku ya kumpa jina kwamba mtoto huyu atapata uwaziri. Na mambo hayo yaliandikwa na mtumishi wa serikali ya kikoloni, yakachapishwa 1951 na kampuni ya Waingereza wenyewe. Mtu anawasema waajiri wake mchana kweupe, na ndugu zao wanampangia kurasa na kumtilia jalada. Mimi nikifika hapo hucheka mpaka mama watoto anafunga mlango wa chumbani.

Mwalimu alinisikiliza kwa huruma. "Ndugu yangu, hayo uliyosema ni maudhui," akasema. "Fani je?"

Tukaanza. Muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika, mandhari. Kisha likaja lile swali ambalo kila aliyepita kidato cha nne bado huliota: je, mwandishi amefaulu au hakufaulu? Watu wenye wajukuu wakanyoosha mikono. Shaaban Robert, aliyefariki 1962, alipata ufaulu wa wastani pale Sinza, akikatwa alama kwa kuwa majina ya wahusika wake yanatoboa siri ya tabia zao mapema mno. Nikauliza kama kuna aliyecheka. Mwalimu akasema kucheka hakumo kwenye mwongozo.

Simlaumu peke yake. Tumelea kizazi kizima kilichokutana na riwaya kwa mara ya kwanza kikielekea chumba cha mtihani. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu: mtu atakutajia dhamira tano za kila kimoja bila kukohoa, lakini ukimuuliza alikipenda kipi anakukodolea macho, kama aliyeulizwa iwapo anaipenda bili ya maji. Hata vitabu vya mitumba ninavyonunua mjini, vile vilivyotandazwa kwenye turubai kando ya barabara, vimeshapitiwa na watu hawa. Nina Dunia Uwanja wa Fujo ambayo mwenyewe wa kwanza alipigia mstari kila neno "kama" na kuandika pembeni kwa penseli: tashbiha. Ukurasa kwa ukurasa. Tashbiha, tashbiha, takriri, tashihisi. Penye mapenzi ameandika MUHIMU kwa wino mwekundu, na hapo nilimsamehe kidogo.

Wa pili kwa kunitesa ni kijana wa benki. Ana adabu, shikamoo zake hazipungui, lakini amejiwekea lengo la kusoma vitabu hamsini na viwili kwa mwaka, na ana programu kwenye simu inayomhesabia. Vingi ni vya kutajirika na kuamka saa kumi alfajiri. Kwa ninavyoelewa mimi, wanaoviandika wametajirika kwa kuwauzia wanaoamka saa kumi alfajiri. Kila ikifika Novemba kijana hujikuta yuko nyuma ya lengo, ndipo huja kwangu kuomba riwaya. Hachagui kwa jina wala kwa mwandishi. Hupima unene, kwa kidole gumba na cha shahada.

Ndivyo alivyoondoka na Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Wanaoijua wameshaanza kucheka. Nagona, iliyotoka 1990, ni nyembamba kiasi cha kupenya chini ya mlango, na imewatoa jasho wasomi wa vyuo vikuu tangu siku hiyo. Ukiimaliza unaanza upya, si kwa kupenda bali kwa sababu hujui umepitia wapi. Kijana akairudisha baada ya siku chache. "Shikamoo, mzee. Kizito, lakini kimenijenga sana. Mwisho wake umenigusa." Nikampa mkono wa pongezi. Alipoondoka nikakifungua, maana ndani yake, karibu na ukurasa wa ishirini, nilikuwa nimeficha noti ya elfu kumi kwa kuuamini ule msemo wa makongamano. Noti ilikuwepo, imenyooka, haijaguswa na kiumbe. Sikumwambia kitu. Mpaka leo ndiyo benki pekee niliyoweka hela isinikate makato.

Kuna mama mmoja, muuguzi mstaafu, yeye huanza na ukurasa wa mwisho. Anasema ana presha, hataki kushtushwa. Hiyo ni haki yake. Tatizo ni kwamba akishajua hawezi kukaa nalo peke yake.

"Mzee mwenzangu, naona unasoma Kichwamaji," aliniambia huku ananimiminia chai. "Pole. Kazimoto anajiua."

Nilikuwa bado mwanzo mwanzo. (Na wewe unayesoma hapa usininunie kwa kukutobolea; kitabu kimetoka 1974, muda umepewa wa kutosha.) Nilitaka kukasirika, lakini mama huyu ana jambo linalomwokoa kila mara. Yeye ni wa wale walioisoma Rosa Mistika bwenini, usiku, chini ya shuka, kwa tochi, kitabu kikizunguka kitanda hadi kitanda kwa sababu kilipigwa marufuku shuleni. Zamu yake ilikuwa Alhamisi. Anaikumbuka mpaka leo, wakati siku ya harusi yake anaikosea. Tangu nimsikie nimekuwa na ushauri mmoja kwa wakubwa: acheni kampeni za kuhamasisha usomaji. Pigeni marufuku vitabu vichache vilivyochaguliwa kwa uangalifu, kisha kaeni mhesabu tochi.

Halafu yuko mzee wa bandari. Kwake yeye fasihi ilianza na Elvis Musiba na ikaishia hapohapo; Ben Mtobwa na Joram Kiango wake anawakubali kwa shingo upande. Nikampa Kuli ya Adam Shafi, nikijua itamgusa, maana ni habari za wapakuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Akakirudisha mkutano uliofuata amekunja uso. "Gunia halibebwi hivyo," akasema. Basi ikawa ndiyo hoja ya siku. Mzee akasimama, akachukua mto wa kochi, akauweka begani, akatuonyesha bega linavyotangulia na kiuno kinavyofuata. Mama muuguzi akamwonya kuhusu uti wa mgongo. Mwalimu akauliza kama hiyo ni fani au maudhui. Mgomo wa 1948 haukupata hata dakika moja, na mto ulichanika.

Mimi ni mtu wa Bwana Msa, na hili limetugombanisha kuliko siasa. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa kisa cha Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka 1960. Bwana Msa hakimbizani na mtu. Anakaa, anashika kiko chake, rafiki yake Najum anauliza maswali yaleyale ambayo ningeuliza mimi, na ukweli unajitokeza bila mtu kuchafua shati. Willy Gamba wa Musiba, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, ameshapanda ndege, ameshapigana na ameshapendwa. Nikisoma habari zake magoti huniuma.

"Mpelelezi gani huyo wa kwako?" huniuliza mzee wa bandari. "Nairobi hajafika, Kinshasa hajafika!"

"Atafuata nini Kinshasa na mwuaji yuko Unguja?"

Hapo hunyamaza, lakini si kwa kushindwa. Hunihurumia. Mimi naendelea kurudia Kisima cha Giningi kila mvua za masika zikinifungia ndani, na faida yake kubwa ni kwamba hata mama muuguzi hana la kunitobolea.

Sasa tuje kwenye kuazimana. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilikaa kwenye rafu yangu miaka mingi bila mtu kuiuliza hali. Ilipotengenezwa filamu yake mwaka 2021, chini ya Amil Shivji, ghafla kila aliyeitazama akawa mhakiki. Jirani akaja usiku. "Nataka kuangalia walipokosea," akasema. Hajarudi. Amehama, na kitabu kimehama naye. Yasmin wa kitabuni alimtoroka mumewe mzee. Nakala yangu nayo imemtoroka mzee mwingine.

Visingizio vya wanaoazima nimeshavijua vyote. Kipo, nakimalizia. Kipo kwa shemeji. Watoto wamekichana, lakini jalada lipo. Mmoja alinijibu kwa mshangao wa kweli kwamba alidhani nimempa, kwa kuwa nilimwambia "chukua." Nikaamua kuwa mtu wa utaratibu. Nikanunua daftari la kaunta, nikalichora mistari: jina la kitabu, jina la aliyeazima, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, sahihi. Nikalipeleka kwenye mkutano wetu kwa madaha. Mwalimu alilipenda sana. Akaliomba akanakili mpangilio wake. Anasema bado analimalizia.

Lakini hao wa karatasi ni malaika mbele ya watu wa softi kopi. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021, pale barazani tuligundua kwamba kila mtu alikuwa mpenzi wake wa siku nyingi, isipokuwa tu hakuna aliyekuwa amemsoma. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise, na mimi nikaenda dukani nikatoa hela yangu. Nikakishika mbele za watu. Kizuri, kipya, kinanukia gundi. Swali la kwanza, kabla hata ya kuulizwa kinahusu nini, lilitoka kwa mtu aliyevaa saa inayopokea simu: "Huna softi kopi yake?"

Nikamwambia sina. Akasema hamna shida, nikipiga picha kurasa zote jioni hiyo nimrushie, atashukuru. Watu hawa simu zao zimejaa vitabu mamia ambavyo hawatavifungua. Vingine vimepigwa picha na mtu aliyekuwa na haraka, kidole gumba chake kimefunika aya ya chini kwenye kila ukurasa, kwa hiyo ukivisoma unaijua kucha ya mhalifu kuliko unavyomjua mhusika mkuu. Halafu haohao ndio wanaolalamika kwamba waandishi wa siku hizi hawaandiki. Wataandika vipi? Mwandishi naye ana bili zake, na mwenye duka la vyakula Tegeta hapokei softi kopi.

Mtaniambia niende maktaba nikasome kwa amani. Nimeenda. Maktaba Kuu ya Taifa pale mjini ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na ilimstahili, kwa kuwa hapo alikuwa ameshamtafsiri Shakespeare mara moja, Julius Caesar mwaka 1963, na 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mtu anaendesha nchi changa, anapambana na umaskini, ujinga na maradhi, na bado anapata nafasi ya kumpangia Bruto maneno. Mimi sina hata balozi wa nyumba kumi ninayemuongoza, na sura moja hunishinda kwa sababu ya simu. Ndani ya maktaba kuna utulivu, hilo nakiri. Ila wengi waliomo hawasomi vitabu vya maktaba. Ni wanafunzi wenye madaftari yao, wanaojiandaa kwa mitihani, na wakiona mtu mwenye mvi hawaoni msomaji, wanaona mlinzi. "Babu, naomba uniangalizie kompyuta, nakuja sasa hivi." Sasa hivi ya mwanafunzi inaweza kula chakula cha mchana ikarudi na juisi. Nililinda kompyuta ya huyu, chaja ya yule na kiti cha wa tatu, na niliyekuja kumsoma sikumfungua.

Kwenye daladala je? Nako kuna wasomaji. Nikifungua kitabu, jirani wa kiti huanza kwa kuchungulia jalada, kisha shingo inasogea, kisha tunapumua pamoja. Siku moja nimefunua ukurasa, dada wa watu akanishika mkono. "Baba, subiri kidogo, sijamaliza." Nikasubiri. Ningefanyaje? Aliposhuka Mwenge akaniuliza mimi kitaishaje, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwelewa mama muuguzi.

Basi nikaamua kusoma vitu ambavyo hakuna anayeweza kuniazima wala kunitobolea, na hapo ndipo nilipoingia kwenye karanga.

Jioni, kituo cha daladala, kuna kijana anauza karanga za kukaanga alizozifunga kwenye karatasi zilizosokotwa. Nilinunua, nikala, nikaikunjua karatasi kwa mazoea. Ilikuwa ukurasa wa riwaya, haina jina la kitabu wala la mwandishi, namba 64. Mwanamume yuko uvunguni, bila viatu. Mlango unagongwa. Mwanamke anauliza nani. Na hapo ukurasa ukaisha.

Nilirudi kwa kijana kesho yake nikanunua karanga ambazo sikuzihitaji. Nikapata ukurasa wa 12, ambao ulikuwa harusi. Nikanunua tena. Nikapata wa 71: mwanamke yuleyule yuko hospitali analia, na polisi wanauliza habari za viatu. Viatu! Nani amelazwa? Nani aligonga? Mama watoto akaanza kuuliza kwa nini tumbo langu linanguruma usiku, na kwa nini mifuko ya suruali ina maganda. Nikamwambia nasoma. Akanitazama kwa muda mrefu.

Ikafika mahali nikawa nasimama mbele ya kapu nachagua. Nazigeuza karatasi moja moja kwenye mwanga wa taa ya barabarani, natafuta namba, wateja wengine wananilalamikia. Kijana akanivumilia siku kadhaa. Mwishowe akaniinamia kwa sauti ya siri.

"Mzee wangu, unatafuta ile ya uvunguni?"

"Sitini na tano," nikamwambia. "Unayo?"

"Sitini na tano aliondoka nayo mama mmoja jana. Lakini usijisumbue. Mimi huwa nakisoma chote kwanza ndipo nichane."

"Kijana wangu, tafadhali, usini..."

"Yule wa uvunguni siyo hawara. Ni kaka yake, katoroka jela. Aliyegonga ni mume, na mume ndiye anayekufa. Viatu alimvalisha maiti."

Daladala mbili zikapita, sikupanda. Kijana akamhudumia mteja, akarudi akinifuta vumbi la chumvi begani kwa heshima.

"Ila mwandishi kimaudhui yuko vizuri," akasema. "Fani ndiyo imemwangusha. Mzee, nyumbani hukosi kingine, niazime basi nikisome wiki hii."

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa karanga tu."